Nanofluid yangu iliua jenereta ya kinu, akafukuzwa mtu mwingine

Wakuu, heshima kwenu. Jana kuna mwenzetu kauliza kama nanofluid zinafaa kupooza mitambo ya kiwandani. Nilianza kujibu kitaalamu, aibu ikanishika. Ngoja nikiri, na sipunguzi kitu.

Ilikuwa Butembo, miaka ya vita. Nimetoka chuo na diploma mbichi, nikapata kazi kwenye kinu cha unga upande wa Kimemi, mle mle mjini. Wakimbizi wengi walikuwa wakisaga mahindi yao pale.

Fundi wa jenereta alikuwa Papa Kasereka, mtu wa kijiji cha Kipese. Shule hakuwa nayo. Kila Jumamosi alifungulia maji ya rejeta, akayakinga kwenye beseni jeupe na kuyakagua. Mimi nilikuwa namcheka.

Barabara ya Beni ikafungwa, coolant ikakosekana, injini ikawa inachemka.

Mimi nilikuwa na fotokopi ya makala moja: punje za metali zikielea kwenye maji, maji yanabeba joto zaidi. Punje zenyewe ni ndogo hata jicho halizioni. Hapo ndipo ujuaji uliponiponza. Nikakwangua sufuria ya alumini kwa tupa, nikachekecha kwa kitambaa, nikamwaga kwenye rejeta bila kumwambia mtu.

Ule ulikuwa mchanga tu, wakuu.

Siku ya tatu ukaziba mirija, injini ikanoki. Akina mama wakarudi na mahindi yao kichwani.

Papa Kasereka akakinga maji. Chini ya beseni kukabaki tope la kijivu linalong'aa. Akanitazama.

Patron, yaani mwenye kinu, alipouliza, nikasema ni uchafu, mzee hasafishi rejeta. Wakaamini diploma. Mzee hakujitetea. Alifukuzwa palepale, akashika njia ya Kipese kwa miguu.

Vita ilipotulia nikamfuata. Nilimkuta anapalilia viazi. Nikaungama, nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilijua ile siku," akasema. "Lakini miye nilikuwa na shamba la kurudia. Weye ulikuwa na nini?"

 Nikaomba jembe, nikapalilia naye mpaka jioni. Aibu haikupungua hata kidogo.

Kwa aliyeuliza: nanofluid ni kitu cha kweli, ila hutengenezwa maabara, na punje lazima zizuiwe kushikana. Muulize kwanza fundi anayeujua mtambo wako. Ukiharibu, sema ni wewe, siku hiyohiyo.

Nitukaneni, nastahili. Mkimaliza, mniambie nanyi mliwahi kumtupia nani kosa lenu, na kama bado yuko hai.