Hapana ya Vatsala

Ghala la zamani la mtama la kijiji cha Karvandwadi siku hizi ni kituo. Asubuhi hukaa watoto wadogo, na adhuhuri hula wazee wasio na mtu wa kuwapikia. Vatsala Kharade alijitolea pale miaka tisa, halipwi, haombwi, na kwa miaka yote hiyo hakuonja hata tonge la chakula kile alichokipika kwa mikono yake.

"Nyumbani mkwe wangu ameshapika," alisema kila alipokaribishwa. "Nikishiba huku, yeye nimwambie nini?"

Mkwe huyo alikuwa mjini Pune pamoja na mumewe, mwana wa pekee wa Vatsala, na mara ya mwisho walipokanyaga kijijini ilikuwa kwenye matanga ya mume wa Vatsala. Vatsala akitoka kituoni alifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akaketi chini, akala mkate wa mtama wa juzi kwa pilipili ya kusaga na mafuta. Aliupa mlango mgongo ili mpita njia asimwone anakula nini. Alikuwa mpweke, na upweke wake aliufunika kama mtu anavyofunika kiraka cha nguo.

Lakini umwone akigawa chakula! Wazee huketi chini kwa safu, kila mmoja na sahani yake, na mtu aliyelelewa haombi nyongeza. Watoto hupiga kelele "Mimi! Mimi!" na hakuna awalaumuye, ila mzee husema hapana, akasema tena hapana, kisha akafunika sahani kwa kiganja. Kazi ya mgawaji ni kujua hapana ipi ni ya kweli. Vatsala aliisoma mikono. Vidole vikishikana, huyo ameshiba. Vikiachana, hata upana wa punje ya mtama, weka!

"Dagadu," alimwambia mzee mmoja mkaidi, "unaifunika sahani kwa kidole kimoja? Unamdanganya nani?"

"Basi, basi! Unataka kuniua, mwanamke wewe!" Dagadu alilalamika, na kiganja ameshakiinua.

Mwaka huu kamati inayosimamia vituo ikaja na sheria. Kituo kimoja huko kwingine bibi mmoja aliungua na mchuzi, kwa hiyo aliyepita miaka sitini asiguse tena moto wala ndoo, akae, ahudumiwe. Kitambulisho cha Vatsala kilisema ana sitini na tatu. Siku aliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Karani wa vitambulisho alimtazama mvi kichwani akakisia, na wiki hiyo ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuuchoma mwili wa mumewe, majonzi yamemzeesha, kwa hiyo huenda aliongezewa miaka ambayo si yake.

Msimamizi mpya, Ketaki, msichana mpole kutoka mjini, ndiye aliyempa habari.

"Mama mdogo, kuanzia Jumatatu unapumzika. Umetumika vya kutosha. Unakaa kwenye safu, tunakupakulia sisi. Utakula nasi?"

"Hapana, mwanangu. Nyumbani wananisubiri."

"Haya, sawa," alisema Ketaki, na mbele ya jina lake akaandika: hataki.

Vatsala hakuondoka. Alisimama pale akingoja aulizwe mara ya pili. Kwao hata mgeni wa njiani hukaribishwa mara tatu. Ketaki alikuwa ameshageuka kumfuta mtoto kamasi.

Siku sita alikaa nyumbani. Nyumba yake ilipakana na ghala; saa tano alisikia watoto wakipigania chakula, saa sita akasikia ndoo ikiburutwa sakafuni. Aliosha sufuria zake mbili, akaziosha tena. Hakuna mtu aliyemwita, na siku ya nne aligundua kuwa tangu asubuhi hajatamka neno hata moja.

Siku ya saba Hausabai alikuja akipapasa ukuta kwa fimbo. Hausabai ni kipofu, mjane wa mkuu wa kijiji wa zamani, na hutembea kana kwamba mumewe bado anatawala.

"Vatsala, tunakufa njaa."

"Hawapiki?"

"Wanapika! Yule mtoto wa mjini ananiuliza, 'Bibi, nikuongeze?' Nasema hapana. Anasema sawa, anapita. Anapita kweli, Vatsala! Nasikia ndoo hiyo inakwenda zake. Safu nzima ni hivyo hivyo. Sasa anaona chakula kinabaki, amepunguza unga."

Vatsala alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka wiki nzima.

"Si mumwambie tu?"

"Nani amwambie? Dagadu? Huyo afadhali afe. Mimi? Mtu wa nyumba ya mkuu niombe tonge?"

Vatsala akaenda mwenyewe kumweleza Ketaki. Ketaki alisikiliza kwa adabu zote.

"Mama mdogo, nimewauliza mmoja mmoja. Wote wanasema wameshiba. Mtu mzima akisema hapana mimi namheshimu, siwezi kumlazimisha."

"Mruhusu basi mgawaji mwingine."

"Sheria ni sheria, mama mdogo. Ukitaka, karibu ukae nao."

Sasa jambo lilikuwa hivi. Safu ile ni ya wasio na mtu. Kukaa pale ni kukitangazia kijiji kizima kwamba mwanao amekutupa, na Vatsala alikuwa amelilinda jina la mwanawe kwa miaka tisa ya mkate wa juzi. Usiku kucha aligeukageuka kitandani. Kesho yake adhuhuri alivaa sari safi, akachukua sahani yake, akaenda akakaa kati ya Hausabai na Dagadu.

Mikate ilikuwa miwili, midogo, na mchuzi wa dengu ulikuwa mwepesi. Aliimaliza upesi kuliko alivyokusudia. Ketaki akafika na ndoo.

"Bibi, nikuongeze?"

Hakuwahi kuitwa bibi pale. Mkono wake ulikuwa umeshafika juu ya sahani na hapana imeshafika ulimini. Akamtazama Dagadu. Vidole vya mzee yule vilikuwa wazi vyote vitano. Vatsala akapiga moyo konde.

"Ongeza," alisema.

Ketaki aliinama. "Unasema, bibi?"

"Ongeza, mwanangu. Nina njaa. Kwangu hakuna mkwe, hakuna anayepika, hakuna anayenisubiri. Miaka tisa nakula kiporo peke yangu. Weka!"

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ukumbi mzima ukasikia. Ketaki aliweka mikate miwili. Vatsala alisubiri mnong'ono uanze.

"Na mimi weka," alisema Dagadu kwa hasira, kana kwamba ametukanwa.

"Na huku," akasema mwingine, na ndoo ikaanza kurudi nyuma ilikotoka, sahani kwa sahani.

Hausabai alitafuna kwanza akamaliza.

"Hilo la mkwe mbona tunalijua siku nyingi," alisema. "Macho sina, pua ninayo. Jikoni kwako moshi unanuka leo, halafu siku mbili kimya. Nyumba yenye mkwe haiko hivyo."

"Mlijua?"

"Kijiji kizima."

"Miaka tisa, Hausabai! Hakukuwa na hata mmoja wa kunishika mkono akanikalisha?"

Hausabai aligeuza uso wake kuelekea sauti ile, akafikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa.

"Tulikukaribisha. Ulisema hapana. Tukaona tukuheshimu."

Vatsala aliinamia sahani yake akala, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na safu nzima ikamheshimu tena: hakuna aliyemuuliza kitu.