Sambaza za Ngama

Ngama. Hapa Bukavu uliza watu hata wa kando ya ziwa, wengi watakutazama tu. Mimi nalijua hili neno kwa sababu nililichota kwa mikono yangu. Ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya mutumbwi, mahali maji machafu yanajikusanya, na ni yale maji yenyewe pia. Muzee aliyenipa kazi ya kwanza, Muislamu wa Uvira ambaye babu zake walitoka pwani, ndiye alikuwa analitumia. "Toa ngama," ananiambia kila asubuhi, na mimi nashuka na kopo.

Nikueleze mule ndani iko nini. Damu ya samaki, magamba, mafuta ya moteri. Makohozi ya wanaume wanaovuta sigara mpaka asubuhi. Na kwa sababu ziwani hakuna choo, na upepo unarudisha, iko na kile ambacho umeshaelewa mwenyewe. Sambaza, samaki mudogo wa ziwa letu, ikianguka mule inavimba tumbo, inapasuka, ngozi inatoka kama karatasi iliyolowa. Muzee hakuwa na mchezo na hiyo. Sambaza ya ngama inarudi ziwani, hata ikiwa ndoo nzima, na wewe uliyetaka kuichanganya na nzuri unarudi kwenu.

Leo mitumbwi ni yangu. Niliacha masomo kwa mwaka wa ine wa primeri, na nyumba yangu ya etaji, ya gorofa, iko Ibanda, inaangalia ziwa. Wenye diplome wanakuja kuniomba kazi, wanakaa kwa baraza, wanangoja niamke. Sishuki tena kwa matope. Nilimuachia kazi ya ziwa shemeji yangu, mudogo wa bibi yangu. Na kila Jumamosi yeye ndiye alikuwa anapeleka beseni ya sambaza Nyantende kwa mama mukwe, kwa jina langu. Mutu anapima mukwe kwa vitu vile.

Siku ya kuondoa matanga ya baba mukwe, tulikuwa wote Nyantende. Bugali ilikuwa tayari, kasiksi, pombe ya ndizi, inazunguka. Nilifunua sufuria ya sambaza alizoleta shemeji, nipakue mwenyewe, waone mukwe wao hana majivuno. Harufu ikanipiga. Pilipili ilikuwemo, tomati ilikuwemo, na chini yake mafuta ya moteri na kile kingine. Mate yalinijaa mudomoni, yale ya mutu anayetaka kutapika. Nikarudisha kifuniko.

"Hii haiendi kwa watu," nikasema.

Baba mudogo wa bibi yangu alicheka na kikombe chake mukononi. "Mukwe wetu amekuwa muzungu. Anaogopa samaki."

"Ni etaji, papa," shemeji akadakia. "Imemuharibu pua."

Watu wakacheka. Mama mukwe hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mutu aliyetukanwa ndani ya nyumba yake, siku ya mume wake. Ningenyamaza wangekula uchafu kwa jina langu. Ningesema, walikuwa wakulima, ngama hawaijui, wangeona nimedharau chakula chao.

Nilichukua sahani, nikaijaza sambaza mpaka juu, nikaiweka mbele ya shemeji. "Anza wewe."

"Nimeshiba, patroni."

"Hujakula tangu asubuhi."

"Tumbo iko inanisumbua."

"Moja tu. Waonyeshe ni pua yangu."

Alishika moja kwa vidole viwili, akaiangalia, akairudisha. Akapangusa vidole kwa suruali, akapangusa tena. Kicheko kikaisha. Nikawaeleza ngama ni nini, yote, na mkojo ndani. Maman mumoja alisimama, akaenda nyuma ya nyumba, tukamusikia.

Mama mukwe alimuuliza mutoto wake polepole: "Na zile za kila Jumamosi?"

Shemeji aliinamisha kichwa. "Nzuri zilikuwa zinaenda soko, maman."

Kumbe muda wote ule yule mama alikuwa anakaanga ngama, anashukuru Mungu kwa mukwe, anagawia na majirani. Alibeba sufuria yeye mwenyewe akaimwagia nguruwe. Tulikula maharagi. Hakuna aliyeniangalia usoni, kama mimi ndiye niliyezivua mule chini.

Jumamosi iliyofuata nilimufukuza shemeji, nikashuka kwa matope na viatu vyangu vya ngozi, nikachagua sambaza wavuni, bado zinaruka. Nikazipeleka Nyantende mwenyewe. Mama mukwe alichukua kiganja kimoja akanusa. Akachukua kingine. Mimi, mutu wa etaji, nilisimama mulangoni nangoja. Kisha akamuita jirani yake, akamusogezea beseni.

"Nusa wewe, maman. Mimi pua yangu imeshazoea."