Siku dada yangu alipomwambia jaji "Bwana asifiwe"

Wakuu, hamjambo. Hii nimekaa nayo sana, leo naimwaga. Sijatunga kitu, nilikuwa hapo kortini, benchi la nyuma.

Dada yangu mkubwa, Makena, anatumia wheelchair tangu utotoni. Sisi ni wa Kanyakine, Meru. Alikuwa karani kwa shule fulani ya private, na kwa kazi hakuna wa kumshika. Kwa mdomo pia hakuna.

Shule ikahamisha ofisi ghorofani. Hakuna lift, hakuna ramp. Walinzi wawili wakawa wanambeba asubuhi na kumshusha jioni.

Akaja bosi mpya, akasema kubebana huko ni hatari, dada aende nyumbani atapigiwa simu. Simu haikuja. Tukaenda kortini Meru kudai kazi yake.

Sasa mnajua watu wa kwetu wakipewa nafasi mbele ya watu, ni ushuhuda. Kanisani husimami kulalamika, unasimama kushukuru.

Makena akaapishwa, akavuta mic, akasema, "Bwana asifiwe!"

Benchi letu lote likajibu, "Amen!" Mama ndiye alisikika zaidi. Hata jaji aliinama kuficha kicheko.

Dada akaendelea. Mungu ni mwema, walinzi ni vijana wazuri, na yeye mwenyewe humwombea bosi. Wakili wetu akaanza kujipangusa jasho. Nilimpenda dada yangu na nilitaka kumziba mdomo, vyote pamoja.

Wakili wa shule akauliza kwa upole, "Kwa hivyo hapo kazini hukuwa na shida?"

"Mi sina shida, nashukuru Mungu."

Nikajua kazi imeenda.

Wakili wetu akasimama tena. Hakutaja haki wala katiba. "Madam, tuelezee tu asubuhi moja ya kazi. Ukiamka unafanya nini?"

"Naamka, napikia watoto chai."

"Na wewe unakunywa?"

"Siku ya kazi mi sikunywangi chai. Hata maji."

"Kwa nini?"

"Choo iko chini. Hao vijana wako na kazi yao kwa gate. Sasa niwaite kila saa wanibebe niende choo, mimi mama mzima?"

Hakuna aliyesema Amen.

Wakuu, nyumbani tulikuwa tunamtania kuwa ana maringo, siku ya kazi chai hainywi. Mama alilia. Mimi pia nililia, na sitaki mtu anicheke.

Dada akashinda kesi. Arudishwe kazini, ofisi yake iwe chini, na ramp ijengwe. Jaji akisoma uamuzi aliitaja ile chai.

Siku ya kwanza kurudi alinipigia. "Wee, niko ofisini." Kisha akavuta funda la chai kwa kelele, makusudi, hadi nikasogeza simu mbali na sikio.

Nilichojifunza: sheria wakili anaijua, lakini asubuhi yako unaijua wewe. Isimulie vile ilivyo, shukrani itangoja.

Na nyinyi, kuna mtu wenu ameacha kunywa kitu kimyakimya? Muulizeni leo, halafu mrudi hapa mtuambie alivyojibu.