Mlango wa Ciokaraine

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga hodi mpaka Sajenti Barasa akakasirika. Naibu wa chifu wetu hapa Kianjai, Kinoti, alikuwa ameniteua kuwa mzee wa kijiji. Ndiyo, hata mwanamke huitwa mzee, zoeeni tu. Tulikuwa tumepeleka askari kwa boma la mtu aliyeshukiwa kuficha nyaya za umeme.

"Mama Karimi," Sajenti akaniambia, "ukiendelea na hodi hizo, hata nyaya zenyewe zitatoka zikimbie."

Siku hiyo walikuwa na hati ya upekuzi, ile karatasi ya hakimu inayotaja nyumba ya nani na kinachotafutwa ni nini. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, kwa hivyo niliisikiliza ikisomwa. Lakini siku nyingine hakukuwa na karatasi, na hapo ndipo nilianza kujiuliza tunaingiaje. Nikamwuliza Sajenti. Akanifundisha tukitembea, maana gari la kituo lilikuwa likishinda limekufa.

Alisema askari anaweza kuingia bila karatasi akiwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba anayemfukuza amekimbilia humo ndani. Anaweza kuingia pia ikiwa akienda kumngoja hakimu, kinachotafutwa kitachomwa au kitahamishwa. Au mwenye nyumba mwenyewe aseme karibu, bila kutishwa. Na ukimwambia akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi, akuonyeshe. "Nje ya hayo, Mama, ni mwizi aliyevaa yunifomu."

Nilimwamini. Lakini Barasa alikuwa mtu wa kutoka mbali, na kuna milango ya huku kwetu hakuijua.

Ilikuwa mchana wa soko. Kijana anayeitwa Muriungi, wa Mzee M'Ikiara, alimkata ndugu yake panga begani kwa sababu ya mpaka wa shamba la miraa. Akakimbia na panga lake. Sajenti Barasa akamfuata, na konstebo mmoja mpya, Kiprono, na Kinoti, na mimi nyuma yao viatu mkononi. Tulimwona kwa macho yetu akiruka ua wa Ciokaraine na kupotelea upande wa jikoni.

Ciokaraine alikuwa mbele akianika maharagwe. Hakuwa ameona mtu. Aliona tu askari wakiingia bomani mwake, na nyuma yao Kinoti, ambaye alikuwa amemwoa binti yake mkubwa. Huyo Kinoti alikuwa muthoni wake, yaani mkwe. Kwetu muthoni haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hata nyumba ikinyeshewa.

Ciokaraine akasimama mlangoni akatandaza mikono. "Karatasi iko wapi?"

"Mama, karatasi ni ya nyumba iliyotulia," Sajenti akasema. "Huyu anakimbia na panga. Tumemwona akiingia kwako."

"Basi nyinyi ingieni. Huyo mkwe wangu abaki. Au siku hizi serikali inawapa wakwe ruhusa ya kuona vitanda?"

Kinoti alikuwa tayari amegeuka, akitazama migomba kana kwamba ameajiriwa kuihesabu. Lakini mimi nilijua jambo ambalo Sajenti hakulijua. Kananu, kitinda mimba wa Ciokaraine, alikuwa amejifungua majuzi tu. Alikuwa amelala humo chumbani na mtoto.

"Ciokaraine," nikamwambia, "Kananu yuko ndani."

Uso wake ukabadilika. Sajenti na Kiprono wakazunguka mbio kuziba mlango wa jikoni. Hapo hapo Kananu akapiga nduru, na mtoto akaanza kulia. Mlangoni tulikuwa sisi watatu: mimi, mama yake, na mwanaume mmoja aliyekuwa ametugeuzia mgongo.

Ciokaraine akamshika Kinoti koti. "Ingia!"

"Mama, siwezi..."

"Muthoni, nimesema ingia! Aibu tutaioga kesho!"

Akaingia. Nikamfuata nikiita, "Muriungi! Muriungi wa M'Ikiara, mtoto wa Karuthi! Mama yako anajua uko wapi?" Alikuwa amesimama kati ya kitanda na dirisha, panga juu, akitetemeka kuliko Kananu. Aliposikia jina la mama yake panga likashuka kidogo. Kinoti akamkumbatia kutoka upande, wakaanguka pamoja juu ya kitanda cha mama mkwe. Sajenti akafika na pingu. Kananu alikuwa amejikunja ukutani na mtoto kifuani. Hawakuguswa.

Mambo yalipotulia, Kiprono akaanza kuinua kifuniko cha sanduku la Ciokaraine lililokuwa kando ya kitanda.

"Unatafuta nini humo?" Sajenti akamwuliza.

"Naangalia tu, Afande. Si tuko ndani tayari?"

"Muriungi anaweza kutoshea humo?"

"Hapana, Afande."

"Basi funga. Tumefuata mtu, tunatoka na mtu. Ukitaka ya sandukuni, nenda kwa hakimu."

Wiki iliyofuata Kinoti alileta mbuzi kwa Ciokaraine, wa kuosha aibu ya chumba na kitanda. Sajenti alicheka sana. "Sheria ilikuruhusu, bwana! Na mwenye nyumba akakuruhusu pia!" Kinoti akamjibu, "Afande, wewe utahamishwa. Mimi nitazikwa hapa." Na kweli Barasa alihamishwa, wakaja wengine. Baada ya Kinoti nilifanya kazi chini ya naibu Mwirigi, kisha Kathambi, mpaka magoti yakanikataza.

Nyinyi vijana hudhani mstaafu hupumzika. Mimi gari likisimama barabarani, mguu hutangulia kusimama kabla sijasikia ni la nani. Na swali moja hunizungusha bado: tulisimama pale mlangoni tukibishana, na Kananu yuko ndani na panga. Angenyamaza kwa hofu, tungebishana mpaka lini?

Mtoto wake ni msichana mkubwa sasa, anaitwa Makena. Jana alikuja kunichukulia kuni. Alisimama nje akapiga hodi, akapiga tena, akapiga tena, nami nilikuwa nimeshafika mlangoni zamani, nimeshika komeo, nikisikiliza ile sauti ya mtu anayeomba kuingia.

"Cucu," yaani bibi, "hufungui?"

"Ingia," nikamwambia. "Ingia, mwanangu."