Binti yangu ananificha saratani yangu, hajui kwamba nilisikia

Admin, jina langu tafadhali lifiche kabisa, maana Wakongo wa Birmingham tunajuana hata kwa viatu. Nanyi mnaosoma, nawasalimu wote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, mzaliwa wa Uvira. Nilikaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo Kiswahili changu mtakiona kina viraka. Naishi mtaa wa Castle Vale na mtoto wangu wa pekee, binti wa miaka kumi na tisa. Hapa nitamwita Furaha.

Furaha ndiye mdomo wa nyumba yetu. Tangu yuko shule ya msingi ndiye anayepiga simu council, ofisi ya mji, ndiye aliyeongea na walimu wake mwenyewe kuhusu makosa yake mwenyewe, na hapo alinitafsiria anachotaka, Mungu ndiye anajua. Kiingereza mimi nakisikia, ila kukisema ulimi unagoma, na nikijaribu yeye anacheka mpaka anashika tumbo. Basi nikamwachia.

Kikohozi kilinianza msimu wa baridi. Nikasema ni hali ya hewa ya nchi hii, nikanywa tangawizi, nikaombewa kanisani. Mgongo ukaanza kuuma, nguo zikaanza kunipwaya. Hospitali wakanipiga picha, wakachukua kipande kidogo cha nyama kifuani, kisha wakatuita. Walitaka kuleta mkalimani, nikakataa. Mkalimani Mkongo mjini hapa lazima atakuwa binamu wa mtu fulani kanisani kwetu. Nikasema Furaha anatosha.

Daktari alikuwa mama mpole. Alimwangalia Furaha, akasema polepole kwamba ni saratani ya mapafu, imeshafika kwenye ini na kwenye mifupa ya mgongo, na kwamba hawawezi kuiponya. Mimi, ambaye sijavuta hata sigara moja maishani. Furaha aliponiona namtazama akanishika mkono.

"Mama, anasema ni infection. Iliingia ndani sana kwa mapafu, njo maana unakohoa. Batakupa dawa ya nguvu."

"Aksanti Mungu," nikasema. Ningesema nini kingine?

Alichosahau mwanangu ni kazi yangu. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee kule Kingstanding. Kiingereza cha benki kinanipita, lakini kile kinachosemwa kando ya vitanda nakijua chote. Daktari aliendelea, akasema kuna njia mbili. Kuna dripu za dawa kali, zinaweza kuniongezea miezi kadhaa lakini zitanilaza. Au waniache bila hizo, waniweke comfortable, nisisikie maumivu tu. Kazini tukiambiwa mzee fulani awekwe comfortable, tunampigia simu mwanawe aje. Kisha daktari akauliza: mama yako anataka nini?

Furaha hakuniuliza. Hata kunigeukia hakunigeukia. Alijibu, "She wants the treatment. All of it." Yaani nataka matibabu, yote.

Jamani msimkasirikie. Kwetu mgonjwa haambiwi, wanaambiwa wenye mgonjwa. Baba yangu alipougua kambini, sisi wote tulimwambia ni malaria mpaka akakata roho. Hadithi hiyo nimemsimulia Furaha mara nyingi nikijisifu, kwamba babu yako alikufa hana wasiwasi, alikuwa anawatania manesi. Mtoto amefanya kama alivyosikia. Lakini sasa mimi ndiye niko kitandani kwa baba, na kila siku najiuliza kama na yeye alijua, akatania tu ili sisi tusilie.

Nyumbani tunaigiza wote wawili. Alikuwa amepata nafasi ya chuo mji mwingine, sasa anasema ataahirisha, eti "course yenyewe iko boring." Akiingia kuoga anafungulia maji kwa nguvu, na mimi nasikia kilichomo ndani ya hayo maji. Jumapili iliyopita alirudi na sombe, kisamvu mnavyokiita wengine, ya kugandishwa kutoka duka la Waafrika. "Mama, nifundishe kupika." Huyu ambaye tangu utoto anaiita sombe chakula cha mbuzi! Nikamwonyesha mawese yanaingia saa ngapi, samaki mkavu anavunjwaje. Alikuwa ananiangalia mikono, hakuwa anaangalia sufuria. Akauliza, "Na weye, nani alikufundisha?"

"Mama yangu," nikamjibu, nikajifanya kitunguu kinaniwasha macho.

Mama yangu bado yuko hai. Yuko Kigoma kwa dada yangu, macho yamefifia, na sijamwona tangu tuondoke kambini. Kama mtu angeniuliza nataka nini, ningesema nataka kwenda kukaa naye mkekani sasa, wakati miguu bado inanibeba, anishike uso kwa mikono yake. Nikianza dripu, safari ya ndege ndiyo basi tena. Lakini nikienda, namnyang'anya Furaha miezi aliyoniombea kwa daktari. Mimi namtaka mama yangu. Na yeye anamtaka mama yake.

Dripu ya kwanza ni Jumanne. Daktari atauliza kama niko tayari, na Furaha atafungua mdomo kunijibia. Nikimtangulia, kwa Kiingereza changu hiki cha kuchekesha, atajua palepale kwamba nilisikia kila neno tangu siku ya kwanza, na kwamba wiki zote hizi akinibebea mzigo huu peke yake nilikuwa namtazama. Nikinyamaza, nitakufa namwambia mwanangu "Aksanti Mungu" kama mtu asiyejua.

Nyinyi wenye mama, na nyinyi wenye watoto, hebu nisaidieni. Jumanne nijibu mwenyewe, au nimwache anijibie?