Mbwa Aliyelala Zizini

Mama yangu alikuwa na mbuzi kumi na mmoja, na fisi walipomalizana naye kiangazi kile alibaki na saba. Hapo ndipo nilipofunga safari kutoka Geita kwenda kumwambia kwamba sasa imetosha, ahame, aje kukaa kwangu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nina nyumba ya vyumba vitatu niliyoijenga kwa kazi ya kuchomelea vyuma na kutengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu machimboni. Chumba kimoja nilikitenga kwa ajili yake tangu siku ya kuchimba msingi. Miaka sita ilikuwa imepita na hakuwahi kulala humo hata siku moja. Kila nilipomwalika alinijibu vilevile: mbuzi atamwachia nani? Baba alishafariki, mimi ndiye mtoto pekee, na yeye anaishi peke yake kijijini, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Kharumwa, akiwa na goti moja lisilokunjika vizuri. Mbuzi wale ndio waliokuwa watu wake. Wakiisha, hakuna kitu kingine cha kumweka pale. Nisijifiche: kuna siku nilimwombea fisi heri.

Fisi wenyewe walikuwa wageni. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunawasikia mbali, kwenye vilima vya mawe. Siku hizi wanakaa karibu, ndani ya mashimo ambayo wachimbaji wadogo waliyaacha dhahabu ilipokatika. Shimo moja lipo karibu kabisa na malisho ya mama, na ngazi ya kushukia humo niliichomelea mimi. Wachimbaji walipohama walichukua ngazi wakaacha shimo. Jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua fisi hao ni wa nani, maana kwetu wapo wanaoamini kwamba kila fisi ana mwenyewe. Nikamjibu kwamba ni wa serikali, wanyama pori wote ni wa serikali. Hakucheka.

Mama alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua choroko kwenye ungo.

"Nihame nikafanye nini?" aliuliza.

"Ukapumzike, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chetu.

"Nimekwambia nimechoka?"

Mimi sina subira, hilo kila anayefanya kazi na mimi analijua. Nikamwambia basi tufanye hivi: nitamletea mbwa mkali, lakini akichukuliwa mbuzi mmoja tu mwingine kabla mavuno ya mwakani hayajapita, anapanda gari na mimi bila maneno.

"Haya," akasema. Nilipaswa kukumbuka kwamba ile "haya" ya mama yangu haijawahi kuwa na maana ya ndiyo.

Mbwa mkali nilikuwa nimeshamwona. Machimboni upande wa Bugarama, mchimbaji akitoa mawe yake shimoni huyafunga kwenye viroba na kuviweka kando ya karasha kusubiri zamu ya kusaga. Zamu inaweza kuchukua siku nyingi, na mawe hayana jina, kwa hiyo mtu hulala na viroba vyake. Mchimbaji mmoja alikuwa na mbwa mwekundu wa kumsaidia kazi hiyo. Alimweka juu ya viroba tangu akiwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, na alipokua hakuna aliyethubutu kusogea. Nilimwona kwa macho yangu akimchania suruali mtu aliyetaka kukaa tu apumzike. Mwenyewe alipokuwa anahamia machimbo mapya kusikoruhusiwa mbwa, nikamwomba. Niliondoka naye kifua mbele, nikamwacha kwa mama. Nilijiambia kwamba fisi sasa atatafuta kijiji kingine.

Hazikupita wiki mbili mama akanipigia simu.

"Mbwa wako ananinyima ugali," alisema.

Ilikuwa hivi. Mbwa alifika akazunguka boma lote. Zizini alipita bila hata kugeuza shingo. Akaingia stoo, akakuta viroba vinne vya mahindi, akapanda juu, akajikunja, na kuanzia hapo kazi yake ikawa imeanza. Mama akitaka mahindi ya kusaga, ananguruma. Kwa siku mbili mama alikula michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, kwa sababu michembe ilikuwa ndani ya chungu na mbwa hakuwa na habari na vyungu. Na jioni ya siku ya pili, wakati mama anaingiza mbuzi zizini, fisi alitokea kichakani akamkamata aliyekuwa wa mwisho. Mama alipiga kelele hadi majirani wakaja. Mbwa hakutoka stoo.

"Lakini mahindi hayakupotea hata punje," mama aliniambia.

Nilifika na gari dogo la kukodi, la mizigo, kuchukua kitanda chake. Nikamkumbusha makubaliano. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha, na hakuinuka.

"Tulikubaliana uniletee mbwa wa kulinda mbuzi," alisema. "Wewe umeniletea askari wa mahindi. Makubaliano hayajaanza."

Nilikasirika, nikasema maneno mengi kuhusu ukaidi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema jambo ambalo mimi, niliyekaa na mbwa yule machimboni miezi mingi, sikuwa nimeliona. Alisema mbwa hana kosa. Alilala na viroba tangu utotoni, kwa hiyo viroba ndio ndugu zake.

"Niletee ambaye hajajua watu, ng'wanone, mwanangu. Macho yawe yamefunguka juzi. Kukua atakulia hapa."

Nikamrudisha yule mwekundu Geita, akaanza kulala juu ya mabati na vyuma chakavu kwenye karakana yangu. Tangu hapo sijaibiwa hata nati moja.

Mtoto wa mbwa nilimpata Buseresere, nilikokwenda kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga. Nyuma ya mashine aliishi mzee mmoja mfugaji, na mbwa wake jike alikuwa amezaa chini ya ghala. Mzee alisema kwao mbwa hauzwi kwa pesa, kwa sababu aliyeuzwa mara moja atakubali kuuzwa hata mara ya pili. Akataka nimpe jembe. Nikamchomelea jembe lake lililokatika, akaridhika. Tukakubaliana nije kumchukua mtoto akishaacha kunyonya.

Siku tatu baadaye mama akapiga simu alfajiri. Mbuzi wake mwekundu amezaa mtoto mfu. "Kile kijibwa kilete leo," alisema. "Si kesho."

Sikuelewa, lakini sauti ile haikuwa ya kuuliza maswali. Nilikwenda Buseresere, nikaweka mtoto wa mbwa ndani ya koti, tukapanda basi kurudi Geita na kutoka hapo gari jingine na pikipiki. Alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, hajatimiza mwezi. Alinikojolea mara mbili. Akalala akiwa ameninyonya kidole, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaanza kumpenda pale ndani ya basi.

Tulifika jua likiwa bado juu. Mama alikuwa ameshamchuna yule mtoto mfu wa mbuzi. Akanipokonya kijibwa bila hata kunisalimia, akakivika ile ngozi mgongoni na kuifunga kwa uzi wa katani tumboni, miguu ikapita kwenye matundu. Hiyo ni kazi ninayoijua tangu utoto: mbuzi akifiwa na mtoto, na mtoto mwingine akiwa hana mama, unamvika yatima ngozi ya marehemu, na mbuzi akinusa harufu ya damu yake anamkubali. Lakini nilikuwa nimeona hivyo kwa mbuzi na mbuzi. Nilimwambia mama kwamba watu watatucheka.

"Shika pembe," alisema.

Nikashika pembe. Mbuzi alipiga teke la kwanza, kijibwa kikabiringika. Mama akakirudisha. Teke la pili lilinipata mimi. Mama akakamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, akakipaka kichwani na mkiani, akakisogeza tena. Mbuzi alinusa mkia. Alinusa muda mrefu, masikio mbele. Kisha akatoa ule mlio mdogo wa kooni ambao mbuzi hutoa kwa mtoto wake tu, na kijibwa kikapata chuchu. Nilikuwa bado nimeshika pembe. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Baada ya hapo mama alitoa sheria, na nyingi zilikuwa juu yangu. Asibebwe. Asiitwe. Asiingie jikoni hata mvua ikinyesha. Maziwa yakipungua atapewa uji, na uji ataunywea zizini. Kesho yake asubuhi nilipokuwa naondoka, kijibwa kilipenya kwenye miti ya zizi na kunifuata, mkia ukicheza.

"Mtupie donge," mama alisema.

"Mama, ni mtoto."

"Akikufuata wewe, nani atakaa na mbuzi?"

Nikaokota donge la udongo nikamtupia. Lilimpata ubavuni. Alisimama akanitazama, kisha akarudi zizini. Njia nzima hadi Kharumwa nilijiona mtu mbaya, na jambo hilo sikumwambia mwenye pikipiki.

Mwaka ule nilienda mara chache, na kila nilipoenda niliruhusiwa kumtazama nikiwa mbali. Alipofikisha miezi mitano alikuwa anawakimbiza watoto wa mbuzi na kuwatafuna masikio kwa mchezo. Nikasema basi, imeshindikana, huyu naye atakuwa mla mbuzi. Mama akamfunga shingoni kipande cha mti kilichoning'inia hadi magotini. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinampiga miguu. Beberu mkubwa akamalizia mafunzo kwa pembe. Mti ulipofunguliwa mbwa alikuwa ameshakuwa na adabu. Aliondoka na mbuzi asubuhi na kurudi nao jioni, akitembea katikati yao, na akilala alilala amemwegemea yule mbuzi mwekundu ambaye sasa yeye mbwa alikuwa amempita kimo.

Kisha wakaja fisi. Mama alijua asubuhi tu. Alikuta nyayo zimezunguka zizi mara tatu, manyoya meusi kwenye miiba na sikio la mbwa limechanika. Ndani walikuwamo mbuzi sita wa zamani na watoto wanne, wote. Alinipigia simu akanihesabia mmoja mmoja kwa rangi zao, na nilimwacha ahesabu hadi mwisho.

Mavuno yalipopita, muda wa makubaliano ukawa umefika. Nilijua hakuna mbuzi aliyechukuliwa. Hata hivyo nilipaka kile chumba rangi mpya, ya kijani, nikakodi tena lile gari. Sijui nilikuwa natarajia nini. Labda nilitarajia kwamba atanihurumia.

Mama alifurahi kuniona. Akasema nimekonda, na kwamba leo lazima tuchinje. Nikamkamate beberu mdogo mweupe. Nikakunja mikono ya shati, nikaingia zizini.

Mbwa aliinuka. Hakubweka. Alitembea polepole akasimama kati yangu na beberu, akanyanyua mdomo, nikayaona meno yake yote. Nikazunguka kushoto, naye akazunguka. Nikazunguka kulia.

"Wewe," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyekubeba kutoka Buseresere. Ulinikojolea."

Alinguruma. Nyuma yake mbuzi wote walikuwa wamejikusanya wakinitazama kwa utulivu mkubwa. Nilisimama pale na kisu changu, nikiwa nimefukuzwa kwenye zizi nililolijenga na baba. Nilihisi hasira, na ndani ya hasira ile kulikuwa na fahari ambayo sikuweza kuizuia. Nilitoka kinyumenyume.

Mama alikuwa anacheka hadi ameshika goti.

"Hakujui," alisema. "Keti. Leo utakula dagaa."

Tukala dagaa. Sikuuliza chochote kuhusu kitanda, na yeye hakunikumbusha. Gari lilirudi Geita na kiroba kimoja cha michembe.

Miezi miwili baadaye, siku ya Ijumaa, nilikuwa karakana nimevaa miwani ya kuchomelea nikasikia mtu anamwambia yule mbwa mwekundu asogee. Nikavua miwani. Mama alikuwa amesimama getini na fimbo yake na kifurushi cha khanga. Alikuwa amepanda pikipiki na magari mawili, peke yake, na goti lile. Nilimuuliza kuna nini, nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa."

"Na mbuzi?"

"Jirani anafungua mlango asubuhi na kufunga jioni. Mengine kuna mwenyewe, yule mweusi."

Nilimpeleka nyumbani. Alitembea ndani taratibu akigusa vitu, akaingia kwenye kile chumba akasimama katikati, akatazama kuta.

"Rangi hii ni mpya."

"Niliipaka nikikusubiri."

"Basi nimekuja," alisema, akavua viatu. Alilala humo siku tatu, kisha akarudi kwa mbuzi wake.