Nusu ya Leso ya Nyanya

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nane na huandika polepole. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi.

Nyumbani Riruta nina kasha la bati la vitu vyenye sura ya Mzee, kiongozi aliyetuletea uhuru: sarafu, stempu, kalenda, kikombe kilichovunjika mkono. Nilikosa beji tu, ile watu walivaa bendera ilipopandishwa. Niliiona River Road kwa muuzaji wa vitu vya kale, mtu wa Mombasa. Hakutaka pesa, alitaka tubadilishane kitu kwa kitu.

Nyanya alikuwa na leso ya uhuru, jozi nzima, haijakatwa tangu itoke dukani. Kila kipande kina sura ya Mzee katikati. Nikafikiri, vinafanana, kimoja kitamtosha. Nilikata kwa wembe, haraka haraka, mkono ukapotoka.

Muuzaji aliikunjua, akanitazama.

"Mwanangu, mwenyewe ajua?"

"Ndio."

"Basi mbona imekatwa kama imeng'atwa na panya?"

Nilicheka. Nikaondoka na beji.

Mwezi uliopita nyanya alishindwa kutembea. Akamwambia mama, "Nitolee leso yangu. Nimeiweka nzima ili nizikwe nayo, moja ya kulalia, moja ya kujifunika."

Mama alimletea kile kipande kimoja. Nyanya hakuuliza kingine kiko wapi. Alipapasa pale nilipokata, akasema, "Nani amenikata?"

Nilikuwa mlangoni na maji yake ya kunywa. Mpaka leo sijajibu, na kila asubuhi vidole vyake vinarudi palepale.

Nilirudi River Road na beji, muuzaji akatikisa kichwa tu. Siku iliyofuata nikabeba kasha zima.

"Imekwenda, mwanangu," muuzaji aliniambia. "Aliichukua mama mmoja mpita njia. Simjui."

Mama uliyeichukua River Road, kama ni wewe, itazame leso yako. Upande mmoja pindo jeusi limekosa kipande cha urefu wa kiganja. Kipande hicho kiko hapa, kimebaki kwenye nusu ya nyanya. Ukinirudishia, chukua kasha lote, na beji pia. Niandikie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili, hata kama ni kunikatalia, na yeyote anayemjua mama huyo aniandikie. Tafadhali andikeni upesi. Nyanya sasa hali kitu ila uji.